Jiwe la Maneno la Lalago

Nkoma,
9 Februari 1997

Mwanangu Marcelo,

Mwangaluka, ng'wana wane. Natumaini barua hii itakukuta u mzima hapo Shinyanga, na mkwe wangu Elina na mzigo wake wa tumboni nao wazima. Mimi mguu ndio ule ule, lakini natembea. Mvua hamna. Pamba imeota kisha ikasimama, kama watoto wanaongoja kuitwa darasani.

Sasa habari ya binti yako. Nilikutumia salamu kwa lori la mbegu kwamba Monika anaumwa, sijui kama zilifika. Homa ilimshika siku kumi na moja. Siku ya tatu alipata degedege, shingo ikakakamaa kama mti, nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Wakamchoma kwinini, wakasema nimewahi. Siku ya kumi na mbili akafumbua macho akasema, "Bibi, maji!" Alisema kwa sauti kubwa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Nikamjibu. Akanitazama mdomo, akaanza kulia. Tangu siku hiyo hajasema neno. Anakula, anacheza, anafagia nami uani. Ila kusema, hakuna.

Watu wanasema kwa niaba yake. Shemeji yangu Masalu, huyo baba yako mdogo, amekwenda kwa mganga huko mbali, akarudi na jibu kwamba ulimi wa mtoto umefungwa na mwanamke wa kaya hii hii mwenye macho mekundu. Macho yangu unayajua. Miaka arobaini napika kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Kisimani wanawake wakiniona wanainua ndoo zao hata hazijajaa. Na Masalu ameanza kusema shamba la mbugani ni la ukoo. Tangu makampuni yaanze kuja kununua pamba, kila mtu amekumbuka ukoo.

Njoo, Marcelo. Usitume kitu, njoo wewe. Ukisimama uani kwangu mchana, watu wakakuona, haya yatapungua.

Mimi mama yako,
Milembe


Shinyanga,
27 Februari 1997

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa masikitiko. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa Elina miguu imevimba na amekatazwa kusafiri. Ndiyo maana tulikuachia Monika, unakumbuka.

Mayu, kuja siwezi. Ushirika ulipotupunguza nilikaa mwaka mzima bila kazi. Sasa kampuni hii ya pamba imenichukua karani wa mizani, niko kwenye miezi sita ya majaribio. Meneja ametuambia wazi: anayeomba ruhusa aage kabisa.

Kuna jambo jingine. Mtu wa huko kwetu alipita hapa, sitaki kumtaja. Anasema ulimpa mtoto dawa ya mizizi kabla ya kumpeleka zahanati. Elina tangu asikie hivyo halali. Mama yake naye amemwambia mambo. Nauliza tu kama mwanao, usikasirike. Ulimpa nini? Na kama kuna kitu, kwa nini usikiseme, tukatafuta namna ya kukiondoa?

Mwanao,
Marcelo


Lalago, kwenye mnara wa Bruda,
16 Machi 1997

Marcelo,

Marahaba. Mimi ni mzima na Monika ni mzima wa mwili. Hatuko Nkoma tena.

Swali lako nililisoma mara tatu, maana mwanzoni nilidhani kisomo changu cha ngumbaru kimeniishia. Najibu. Nilimpa maji, uji wa mtama na vidonge vya klorokwini. Nilimpa mgongo wangu, nikatembea naye tangu jogoo wa kwanza mpaka jua kali. Mizizi sikumpa. Jibu ni hilo.

Sikia yaliyotokea. Jumanne ya tarehe nne, jua likiwa utosini, Masalu alikuja na wanaume watano. Hawakupiga kelele. Masalu aliniamkia vizuri, "Mwadila, shemeji." Kila mmoja alikuwa na mzigo wa nyasi kavu begani. Wakaipanga chini ya paa langu, wakajipangusa mikono.

Masalu akasema, "Shemeji, nyasi hizi ni za kuezekea. Zinafaa na kwa kazi nyingine. Utachagua mwenyewe."

Nikamwambia, "Masalu, mimi ndiye niliyekupikia ulipotoka jando la hospitali, mke wako alipokuwa kwao."

Akasema, "Ndiyo maana nimekuja mchana."

Asubuhi yake nilikuwa barabarani na mtoto, khanga mbili, na chungu cha siagi. Nilikuwa nakuja kwako. Barua yako nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli.

Nje kidogo ya Lalago basi likasimama, dereva akasema dakika ishirini, choo na chai. Huenda umewahi kupaona. Kuna mnara wa mawe, mwembamba na mrefu kama mchi uliosimamishwa, na mlango wake hauko chini kama milango ya watu. Uko juu kupita kichwa cha mwanamume, unapandwa kwa ngazi. Ulijengwa na Bruda Finiani, mtawa Mwairishi kutoka Ayalandi, miaka ile kabla hamjazaliwa. Yeye alishazeeka akarudi kwao. Aliyebaki ni fundi wake, mzee Januarius. Tangu soko huria lije, Januarius amefungua hoteli pembeni, ameipaka rangi ya kijani kibichi hata wewe ukifumba macho bado unaiona, ukutani amechora jani lenye vidole vitatu na kuandika AYALANDI HOTELI. Kofia yake ya kijani. Vikombe vya kijani. Hata mbuzi wake amemfunga kitambaa cha kijani shingoni.

Abiria walikuwa wamepanga mstari wanacheka. Juu ya mnara, nje ya dirisha, kuna jiwe. Mtu analala chali, anashikwa miguu, ananing'iniza kichwa nje mpaka alibusu. Januarius anatangaza kama mnadani: "Jiwe la maneno! Akilibusu mtu, hakosi la kusema mbele ya hakimu wala mbele ya mkwe!"

Nikamsogelea nikamuuliza, "Linafungua na bubu?"

Alikuwa katika biashara yake. Akasema, "Jaribu, mama."

Marcelo, mimi nimebatizwa, na najua nilichokuwa nafanya. Lakini wewe hukuona nyasi zile. Nilimpandisha Monika. Januarius akamshika miguu, mimi kiuno, tukamning'iniza. Akalia, kisha akabusu. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia, "Sema, Monika. Sema bibi." Akanitazama. Tukamrudisha tena. Mara ya tatu abiria wakaacha kucheka. Konda akaita, nikamwambia ngoja. Akaita tena, nikamwambia ngoja. Basi likaondoka na chungu changu cha siagi. Mara ya tano paji la mtoto lilikwaruzika kwenye jiwe, damu ikatoka, akanitazama kama mtu anayemwona bibi yake ameingiwa wazimu. Na kweli nilikuwa nimeingiwa.

Januarius akanishika mkono. Akasema, "Mama, acha. Jiwe hili tulilitoa mlima ule pale, mimi na Bruda. Lile lenyewe liko kwao Ayalandi. Hili aliliweka watu wacheke, kwa sababu alikuwa anakumbuka nyumbani."

Nikakaa chini nikalia mbele za watu. Msafiri mmoja akanipiga picha.

Tupo hapa sasa. Naosha vikombe na kuwapikia wasafiri matobolwa, viazi vyetu vikavu. Tunalala ndani ya mnara. Januarius anasema kule kwa Bruda watawa wa kale waliweka mlango juu ili maadui wakija wapande na kuivuta ngazi. Nikamuuliza, "Wakapona?" Akasema, "Wengine. Wengine walichomewa humo humo." Ngazi naivuta kila siku.

Kutoka hapa mpaka kwako ni safari ya nusu siku. Lakini basi sitalipanda mpaka uniandikie neno moja, kwamba huamini. Usiniandikie "tutaongea." Niandikie: siamini.

Mama yako,
Milembe


Shinyanga,
2 Aprili 1997

Mayu,

Shikamoo. Pasaka tumeimaliza salama. Tunashukuru kusikia mpo mahali penye watu.

Kuhusu lile neno, mambo kama haya hayaandikwi kwenye barua, tutaongea. Elina amekaribia kujifungua na hali yake si ya kushtushwa. Tumekaa tukaona ni vema Monika aje peke yake. Ijumaa tarehe 11 dereva wa kampuni, anaitwa Constantine, atapita hapo na lori. Mkabidhi mtoto. Wewe tulia hapo kwanza, mambo yapoe. Nimempa Constantine blanketi lako.

Mwanao,
Marcelo


Lalago,
13 Aprili 1997

Marcelo,

Blanketi limefika. Mtoto sikumtoa. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Ijumaa nilikuwa nimeshamvalisha gauni safi. Nilikuwa nimekubali. Nilisema moyoni, kama ni mimi ninayewatisha, basi mtoto aende kwa wazazi wake, mimi nibaki na vikombe. Monika alikuwa amekaa chini nyuma ya hoteli, amegeuzia barabara mgongo, anapanga vizibo vya soda. Constantine akaingia na lori lake, mbuzi wa Januarius akawa amesimama katikati ya njia, basi akapiga honi. Wewe unazijua honi za malori hayo. Kuku walitawanyika. Kikombe kilinitoka mkononi. Mwanamke mmoja wa Maswa alianguka kwenye benchi. Monika alichukua kizibo, akakiweka juu ya kingine.

Hakugeuka, Marcelo. Hata bega halikutikisika.

Nikamwambia Constantine, "Piga tena." Akadhani natania. Nikapiga kelele, "Piga!" Akapiga. Mtoto anapanga vizibo. Nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama nyuma ya kichwa chake nikapiga mpaka mpini ukavunjika. Aligeuka pale tu kipande kilipomwangukia kwenye mguu, akaniona na sufuria, akacheka.

Mwanao si bubu. Ni kiziwi. Homa ilimla masikio, sisi tukawa tunatazama ulimi. Ndiyo maana aliniomba maji kwa kelele siku ile, hakuwa anajisikia. Nami nilipomjibu aliona mdomo unacheza na hakuna kinachotoka. Miezi miwili mtoto huyu anadhani sisi ndio tulionyamaza. Anadhani tumemkasirikia. Na mimi nikampandisha mnarani nikamkwaruza uso.

Siku hiyo nilikaa naye chini nikaanza kumsemesha kwa mikono. Maji. Kula. Mbuzi. Lala. Anashika upesi kuliko nilivyoshika mimi herufi za ngumbaru. Jana alinionyesha jinsi Januarius anavyochechemea kwa mguu wake mbaya, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ana maneno, Marcelo, yamejaa.

Dereva simpi mtoto asiyesikia akiitwa. Njoo umchukue mwenyewe. Mimi sikudai tena uje na lile neno. Njoo tu.

Mama yake Marcelo, bibi yake Monika,
Milembe


Shinyanga,
8 Juni 1997

Mayu wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Najua ni zaidi ya mwezi tangu nije hapo Lalago, na sikukuandikia. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Siku ile ya tarehe tatu Mei, nilipotoroka kazini kwa siku moja, ulinipa mkono wa Monika, ukasema "Haya," ukapanda ngazi ukaivuta. Nilikaa chini ya mlango ule mpaka basi la jioni, nakuita. Nilikuona ni mkali. Njiani, mtoto akiwa amelala mapajani, nikaiona alama kwenye paji lake, nikajua kwa nini hukushuka. Ulikuwa unangoja neno, ingawa uliandika hulidai tena, nami nilikuja mikono mitupu.

Basi naliandika, lakini la kweli, si lile ulilotaka. Niliamini. Tangu Februari mpaka honi ya Constantine niliamini kwamba mama yangu mzazi alimfunga mtoto wangu ulimi. Nilikuwa nakula, napima pamba ya watu, najibu "njema" nikisalimiwa, huku naamini hivyo. Sasa siamini. Lakini sitakuambia sikuamini kamwe.

Elina alijifungua salama tarehe 20 Aprili, mtoto wa kiume. Hospitali hapa wamempima Monika, wamesema kama ulivyosema. Masikio yamekufa yote mawili.

Nilipopata karatasi ya daktari nilimwambia meneja naomba siku tatu. Alitimiza ahadi yake, kazi sina. Nikaenda Nkoma na Monika. Nyumba yako haipo, Mayu. Nyasi zile zilifanya ile kazi nyingine. Shamba la mbugani limepandwa dengu, si zetu. Nikaomba mkutano wa kitongoji, watu wakaja wengi, Jumamosi tarehe 31, saa nne asubuhi. Nikasoma karatasi. Nikamkalisha Monika awape mgongo, nikapiga mifuniko ya masufuria nyuma yake. Hakugeuka. Wanawake wakaanza kulia. Mmoja akasema, "Jamani, Milembe tumemwonea." Nikadhani nimeshinda.

Baba mdogo Masalu akasimama. Hakuwa na hasira. Akasema, "Tumemwelewa kijana. Ulimi haukufungwa. Sasa atuambie, na masikio nani aliyachukua?"

Watu wakaguna. Nikaliona guno lile likipita kutoka benchi hadi benchi. Waliokuwa wakilia wakajifuta macho. Nikasema homa, nikasema malaria, nikasema karatasi hii hapa ya daktari. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Hata homa inatumwa, mwanangu." Nilimbeba Monika tukaondoka kwa miguu. Huwezi kurudi Nkoma, Mayu. Nimejaribu, nimeshindwa.

Sasa jambo linalonifanya nikuandikie leo bila kungoja. Monika hatumwelewi. Ana ishara nyingi, na sisi tunazijua tatu au nne. Kuna moja inayotumaliza. Elina akiwa anaongea nami, mtoto anakuja, anamwekea vidole viwili kooni, anavibakiza hapo, kisha anafungua kiganja kama anayeomba. Mara ya kwanza Elina alipiga yowe, akadhani anakabwa. Alimsukuma mtoto akagonga mlango. Mama mkwe akasema, unaona, amefundishwa huko. Tumempa maji, anakataa. Tumempa mkate, anaukanyaga. Anarudia tena, kooni, kiganja, kooni, kiganja, mpaka analia, na siku mbili hizi amekaa pembeni ya kabati hataki mtu.

Mayu, anataka nini? Nakuomba unijibu. Na nakuomba uje.

Mwanao asiyestahili,
Marcelo


Lalago,
11 Juni 1997

Mwanangu Marcelo,

Marahaba, baba. Mimi ni mzima, Mungu asifiwe. Januarius anakusalimu. Mpe pole Elina ya uzazi, na mtoto mumbusu.

Barua yako nimeisoma mchana huu, na konda anayekuja huko anaingoja, kwa hiyo naandika mbio. Nyumba nimesikia. Nilijua. Ya Masalu tuyaache, siyaandiki leo.

Ile ishara si ya kuomba chakula. Hapa wasafiri walipokuwa wakiongea, Monika aliona midomo mingi hajui upi unasema na upi unatafuna. Akagundua mwenyewe kwamba mtu akisema, koo linatetemeka. Basi anakuja anagusa, akilikuta linatetemeka anajua kuna neno. Akifungua kiganja anasema, nipe na mimi. Anauliza mnasema nini. Nilikuwa namjibu kila mara, hata kama ni habari ya chumvi.

Mwambieni. Msingoje mjue ishara. Mkimsema yeye, mwonyesheni mnamsema yeye. Mkinisema mimi, mwonyesheni mnanisema mimi. Elina akae naye chini, auweke mkono wa mtoto kooni kwake mwenyewe, aimbe wimbo wowote.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Neno lako nimelipokea, lakini silo linalonileta. Mtoto ana maneno na humo ndani hakuna wa kuyapokea. Elina akiniogopa nitakaa jikoni, mlango wazi, anione mchana kutwa nafanya nini. Mama yake naye aje atazame.

Mpokeeni Monika stendi, mje naye. Asimame mbele, ili anione kabla sijashuka, maana nikimwita hatasikia.

Mama yako,
Milembe